Mlango wa kizazi kulegea au uchungu wa mapema? Angalia kilichotangulia

#1 Mkunga wa Zamu

Habari zenu. Nawaandikia akina mama wenye mimba ya miezi minne, mitano au sita walioanza kuhisi kitu wasichokielewa huko chini. Nawaandikia pia wale ambao mimba iliwahi kuwatoka katika miezi hiyohiyo, wakapewa pole, wakaruhusiwa kurudi nyumbani bila mtu kuwaeleza kilichotokea. Mimi ni mkunga wa wodi ya wazazi na jambo hili linaniuma, kwa sababu mimba nyingi za namna hii zinatoka wakati dalili zilikuwepo na hakuna aliyeziuliza.

Kabla sijaendelea: kama una dalili sasa hivi, acha kusoma, nenda hospitali. Maji yanayochuruzika ukeni, damu, tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio, uzito unaosukuma kuelekea chini. Kabla ya wiki 37 hakuna hata kimoja kati ya hivyo cha kusubirishia asubuhi.

Mambo yenyewe ni mawili. Yote mwisho wake ni mlango wa kizazi kufunguka kabla ya wakati, ila mwanzo wake haufanani.

La kwanza ni mlango wa kizazi kulegea. Mimba ikiwa salama, mlango unakaa mrefu, mgumu, umefunga, na ndani yake kuna ute mzito uliouziba. Ukiwa dhaifu unaanza kufupika na kufunguka wenyewe kadiri mimba inavyozidi kuwa nzito, na wakati huo kizazi kimetulia: hakikazi wala hakiumi. Mara nyingi inatokea kati ya wiki ya 16 na ya 24. La pili ni uchungu wa mapema, yaani uchungu unaoanza kabla ya kutimiza wiki 37. Hapo anayeanza kazi ni kizazi chenyewe. Kinakaza, kinaachia, kinakaza tena, na mikazo hiyo ndiyo inayouvuta mlango mpaka unafupika na kufunguka.

Kwa hiyo ukitaka kuvitenganisha, uliza hivi: mlango umefunguka kwa sababu ya uchungu, au uchungu umekuja baada ya mlango kuwa umeshafunguka?

Jibu linabadilisha matibabu. Mlango uliolegea unaweza kushonwa. Mama aliyeshikwa na uchungu hashonwi, kwa sababu kizazi kinachokaza dhidi ya mshono kinaweza kuuchana mlango wenyewe. Na dawa za kutuliza mikazo hazina la kumsaidia mama ambaye kizazi chake hakina mikazo.

Ugumu uko hapa. Mama ambaye mlango umelegea mara nyingi anafika hospitali amechelewa. Kwa wiki nzima au zaidi alikuwa na uzito kwenye nyonga na ute uliobadilika, hakuna maumivu, akadhani ndivyo mimba ilivyo. Chupa, yaani mfuko wa maji anamokaa mtoto, inapochomoza kwenye mlango ndipo mwili unapoamka na mikazo inaanza. Anafika akiwa anaumwa, anayempokea anaandika "uchungu wa mapema" au "mimba imetoka", na faili linafungwa hivyo. Mimba inayofuata inaanza, anaenda kliniki kama kawaida, hakuna anayeuangalia mlango. Inatoka tena wiki zilezile.

Ultrasaundi inaonyesha mlango ulivyo leo. Ulivyokuwa unahisi Jumanne iliyopita haiwezi kuonyesha. Mwenye habari hiyo ni mama mwenyewe, basi aiseme kwa mfuatano: nilianza kuona hiki, kikafuata hiki, maumivu yalianza saa fulani, maji yalitoka kabla au baada ya maumivu.

Dalili za mlango kulegea ni za kimyakimya: uzito chini ya kinena au ndani ya nyonga, mgongo wa chini kuuma kwa uchovu usiokuja na kuondoka, ute kuongezeka na kuwa wa majimaji au kugeuka pinki au kahawia, mara nyingine matone ya damu. Wapo wasiohisi chochote kabisa. Uchungu wa mapema una mapigo: maumivu yanakuja, yanafika kileleni, yanaondoka, halafu yanarudi. Yanafanana na ya hedhi, yanaweza kuanzia mgongoni na kuzunguka mbele, wengine wanaharisha. Ukipumzika hayakomi, na muda kati ya mkazo na mkazo unazidi kupungua.

Nakaribisha maswali.

#2 Mama Kijacho

Asante sana mkunga. Mimi niko wiki ya 27, mimba ya kwanza. Jioni tumbo linakaza lote linakuwa gumu, halafu linaachia. Haliumi. Kliniki waliniambia ni uchungu wa uongo. Nitajuaje siku ukiwa wa kweli?

#3 Mkunga wa Zamu

Swali zuri, dada. Hiyo mikazo isiyo na mpangilio ilielezwa na daktari Mwingereza, John Braxton Hicks, mwaka 1872, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ni kawaida. Inakuja ukiwa umechoka, kibofu kikiwa kimejaa, umekunywa maji kidogo, au mtoto akigeuka.

Fanya hivi. Nenda haja ndogo kwanza, kunywa maji, lala kwa ubavu wa kushoto. Weka kiganja juu ya tumbo karibu na kitovu, vidole vikiwa vimelegea, kisha bonyeza kidogo kwa ncha za vidole. Kizazi kilichotulia kinabonyea laini kama ncha ya pua yako. Kilichokaza sawasawa ni kigumu kama paji la uso, vidole havizami. Mkono usiutoe hapo. Andika saa kila kinapoanza kukaza na saa kinapoachia. Usikadirie kichwani, andika, kwa sababu mtu mwenye hofu dakika kumi anaziona tatu.

Mikazo ya uongo inapotea au inabaki ovyo: mmoja sasa, mwingine baada ya nusu saa. Ukiona minne ndani ya dakika 20, au minane ndani ya saa moja, hiyo si ya kukaa nayo nyumbani. Hata michache zaidi ya hapo, ikiwa inazidi kuuma au haijapungua baada ya saa nzima ya kupumzika, nenda.

Saa hiyo moja ya kujipima ni kwa mama ambaye ana mikazo tu, hana kingine. Kama kuna maji au damu, au mtoto amepunguza kucheza, usijipime. Na kama uliwahi kupoteza mimba baada ya miezi mitatu au kuzaa njiti, wewe usijilinganishe na wenzako, kwako ukomo wa kwenda hospitali uko chini zaidi.

#4 Baba Mtarajiwa

Mkunga shikamoo. Naandika kwa niaba ya mke wangu, yeye hawezi kulizungumzia. Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya 20, ya pili ya 21. Mara zote mbili hakuwa na maumivu mpaka saa za mwisho. Alisema tu kuna kitu kinashuka. Mara ya pili tulifika, nesi akaangalia akasema chupa iko nje tayari. Hakuna aliyetwambia sababu. Ndugu wanasema ni kwa kuwa alikuwa anafanya kazi nzito. Tunataka kujaribu tena ila tunaogopa.

#5 Mkunga wa Zamu

Marahaba, kaka. Poleni sana, wewe na yeye. Mwambie mkeo kwamba hakuua mimba zake kwa kufanya kazi. Mlango ulio imara haufunguki kwa sababu mama alibeba mzigo, na uliolegea unaweza kufunguka hata mama akiwa amekaa.

Hayo uliyoyaeleza ndiyo picha yenyewe: miezi ya kati, wiki zinazokaribiana, hakuna maumivu mwanzoni, chupa imetangulia, imetokea zaidi ya mara moja. Historia ya namna hii ina uzito kuliko kipimo chochote, maana hakuna kipimo kinachofanywa kabla ya mimba kikasema kwa uhakika kwamba mlango huu ni dhaifu. Ndiyo sababu nasisitiza muende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake kabla hajabeba mimba, na mkalieleze jambo hili kwa mfuatano huohuo ulionipa mimi. Kama mna karatasi za hospitali za safari zile, zibebeni hata kama zimeandikwa mistari miwili.

Atauliza kama mlango uliwahi kuchanika, kusafishwa kizazi mara nyingi, kukatwa kipande cha mlango kwa ajili ya dalili za awali za saratani, au kujifungua kwa upasuaji mlango ukiwa umeshafunguka wote. Ataangalia umbo la kizazi, kuna wanawake wamezaliwa na ukuta katikati yake. Wako pia wenye tishu zilizolegea mwili mzima tangu kuzaliwa. Na wengi mno hawana sababu yoyote inayoonekana, hilo mlijue mapema msije mkavunjika moyo.

Mimba ikiingia, kwa historia kama yenu mara nyingi anashauriwa kushonwa mlango wiki ya 12 hadi 14, baada ya ultrasaundi kuthibitisha kwamba mtoto yuko hai na umbo lake halina kasoro kubwa. Shughuli yenyewe inafanywa kwa ganzi ya mgongoni, uzi mnene unazungushwa kwenye mlango na kukazwa. Njia mbili zinazotumika zaidi zina majina ya walioziandika: Shirodkar wa India mwaka 1955, na McDonald wa Australia mwaka 1957. Ya McDonald ni nyepesi na ndiyo utakayoikuta sehemu nyingi. Ya Shirodkar inapita juu zaidi, daktari anakisogeza kibofu kwanza. Mshono wa chini ukishindwa licha ya kufanywa kwa wakati, upo wa kupitia tumboni, huo unaweza kubaki na mtoto anatolewa kwa upasuaji.

Kwa mama aliyepoteza mimba moja tu kwa namna hii, mara nyingi haanzi kushonwa. Anapimwa urefu wa mlango kwa ultrasaundi ya ukeni kuanzia wiki ya 16 mpaka ya 24, kila baada ya wiki mbili hivi. Ukishuka chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24, ndipo kushona kunazungumziwa. Na kwa mwenye mimba ya mtoto mmoja ambaye hana historia yoyote lakini mlango umekutwa mfupi, kuna projesteroni, homoni ya kutunza mimba, ya kuweka ukeni kila usiku, ambayo imethibitika kupunguza kuzaa mapema.

#6 Nesi Mwanafunzi

Shikamoo mkunga. Nilikutana na mama wa wiki 21 akilalamika uzito. Alipimwa kwa kidole, mlango umefunga, akaruhusiwa. Siku chache baadaye alirudi mimba ikitoka. Ilikuwaje?

#7 Mkunga wa Zamu

Marahaba. Mlango wa kizazi una tundu mbili: la ndani linalogusana na chupa, na la nje ambalo kidole kinalifikia. Mlango uliolegea unaanzia kufunguka ndani. Kidole chako kinagusa tundu la nje, limefunga, unaandika "umefunga", kumbe juu yake nusu ya mlango imeshaachia.

Ukiuona kwenye ultrasaundi hutausahau. Mlango mzima na chupa vinaunda herufi T: mstari wa chupa juu, mfereji uliofunga ukishuka katikati. Tundu la ndani likianza kuachia inakuwa Y. Likiendelea inakuwa V, chupa ikiwa imeingia ndani ya mfereji. Mwisho inakuwa U, na kilichobaki chini yake ni kipande kifupi tu. Kinachopimwa ni hicho kilichobaki kimefunga.

Namna ya kupima nayo ina uzito. Kibofu kiwe kitupu, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaukandamiza mlango ukaonekana mrefu kuliko ulivyo. Ndiyo maana ultrasaundi ya juu ya tumbo, ambayo mama anaambiwa anywe maji mengi kwanza, haitoshi kumwondoa mtu wasiwasi huu. Kipimo kinaingizwa ukeni taratibu bila kusukuma. Unapima mara tatu na kuchukua ufupi kuliko zote, na unasubiri dakika chache kwa sababu mlango unaweza kubadilika ukiwa unautazama.

Pasipo na kipimo cha ukeni, usimruhusu mama kwa sababu ya kidole peke yake. Mweke spekulamu, kile kifaa cha kuufungua uke ili mlango uonekane, angalia kama kuna maji, kama ute umebadilika, kama utando wa chupa unaonekana kwenye tundu. Ukimwona mama wa wiki 21 anasema "kuna kitu kinashuka", mwamini kwanza, halafu mtafutie rufaa aende kunakopimwa.

Na kama anatoka damu, kidole kisiingie kabisa mpaka ijulikane kondo la nyuma liko wapi.

#8 Subira

Nimesoma nikilia. Wifi yangu aliambiwa mlango umelegea, sasa amelazwa kitandani, miguu juu ya mito, haamki hata kwenda chooni. Inasaidia?

#9 Mkunga wa Zamu

Pole, mpenzi. Najua wanaomlaza wanampenda. Lakini kulala muda wote haijathibitika kuzuia mlango kufunguka, na kuna madhara yake: damu kuganda miguuni, misuli kuisha nguvu, na akili kuchoka. Anayeganda damu mguuni anaweza kupata shida ya ghafla ya kupumua, hiyo ni hatari ya kifo. Kupunguza kazi nzito na kusimama muda mrefu ni sawa, kufungiwa kitandani si tiba. Daktari wake akimwekea masharti maalumu kwa siku fulani, kwa mfano chupa ikiwa imechomoza na wanasubiri kuamua, hayo afuate.

Muulize wifi mlango una milimita ngapi na aliambiwa lini. Kama hakuna namba, bado hajapimwa inavyopaswa.

#10 Dokta wa Wodi

Mkunga ameeleza vizuri, niongeze upande mmoja. Wasomaji wasidhani kila mama ataingia kwenye kapu hili au lile. Mlango mfupi unaweza kuwa udhaifu wa mlango wenyewe, na unaweza kuwa dalili ya kitu kingine kinachoendelea ndani, hasa maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni. Vijidudu vikifika kwenye utando wa chupa vinaleta uvimbe, uvimbe unaulainisha mlango na pia unaamsha mikazo. Mama wa namna hiyo anaweza kuanza bila maumivu kabisa, ukaapa ni mlango kulegea.

Kwa hiyo mama akija na chupa imechomoza wiki ya 20 hadi 24, hatukimbilii kushona. Huwa tunamwangalia kwanza kwa saa kadhaa. Ana homa? Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, yake au ya mtoto? Tumbo linauma ukiligusa? Maji au ute una harufu mbaya? Kizazi kimeanza mikazo? Tukimshonea maambukizi ndani, tunayahatarisha maisha yake. Akiwa hana hayo yote, mshono wa dharura unaweza kuongeza wiki za thamani sana, japo hautoi ahadi, na tunamwambia hivyo waziwazi.

Pia kuna kondo la nyuma kubanduka. Tumbo linakuwa gumu muda wote haliachii, linauma sana, damu inaweza kuonekana au isionekane kabisa. Huyo si wa uchungu wa mapema wa kutulizwa. Huyo ni wa dharura papo hapo.

Na mkojo. Kila mama mwenye dalili hizi apimwe mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo yanaleta mikazo na yanatibika. Kuna wanawake wenye vijidudu kwenye mkojo bila kuungua wala kuhisi lolote.

#11 Mkunga wa Zamu

Dokta nashukuru, hilo la maambukizi lilihitaji kusemwa na mtu wa upande wako. Mimi bado nasimama kwenye mfuatano kwa sababu ndio mama anaoweza kuubeba kutoka nyumbani. Ila akina mama wenzangu, homa na harufu mbaya navyo viingie kwenye maelezo yenu, msivione aibu kuvitaja. Ute unaonuka ni habari ya hospitali sawa na kikohozi.

#12 Mama Pacha

Mimi nina mapacha wiki ya 19, naomba na mimi nishonwe kabisa niwe na amani.

#13 Dokta wa Wodi

Mama, kwa mapacha kushona kwa tahadhari tu hakujaonyesha faida, na kwa wenye mlango mfupi peke yake kuna wasiwasi kwamba kunaweza kudhuru. Mlango ukianza kufunguka kweli mazungumzo yanabadilika. Pima urefu, daktari wako aamue kwa mlango wako.

#14 Mama Kijacho

Samahani mkunga narudi. Tuseme ni uchungu wa kweli na niko wiki ya 30. Nikifika watanifanyia nini? Nikijua hofu itapungua.

#15 Mkunga wa Zamu

Utapimwa mikazo, mapigo ya moyo ya mtoto, mkojo, joto. Spekulamu itawekwa kuangalia maji. Kama hospitali ina kipimo cha faibronektini, protini inayounganisha utando wa chupa na kizazi, kijiti laini kitachukua majimaji ukeni kabla ya kupimwa kwa kidole. Kipimo hiki kina nguvu zaidi kikiwa hasi: kikiwa hasi, uwezekano wa kujifungua ndani ya wiki moja hadi mbili ni mdogo sana, na unaweza kurudi nyumbani bila kudungwa dawa usizozihitaji. Kikiwa chanya hakimaanishi unajifungua leo. Mlango nao utapimwa tena baada ya muda, kwa sababu mikazo bila mlango kubadilika haijawa uchungu.

Ikiwa ni uchungu kweli, lengo si lazima kuuzuia mpaka wiki ya 40. Mara nyingi lengo ni saa 48. Katika saa hizo unapewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto: betamethasoni miligramu 12 mara mbili kwa tofauti ya saa 24, au deksamethasoni miligramu 6 mara nne kila baada ya saa 12. Wazo hili lilianzia New Zealand, Liggins na Howie walichapisha matokeo yao mwaka 1972. Mwaka 2020 utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan ukaonyesha kwamba deksamethasoni inapunguza vifo vya watoto njiti hata kwenye hospitali zisizo na mitambo mingi. Vidonge vya nifedipini vinaweza kutumika kutuliza mikazo ili muda huo upatikane. Kwa wiki zako, kama kujifungua kumekaribia kabisa, utawekewa pia dripu ya magnesiamu salfeti, inakinga ubongo wa mtoto. Na ukiwa mahali pasipo na wodi ya njiti, omba rufaa mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna gari la kumsafirisha njiti lililo bora kuliko tumbo la mama yake.

Sindano hizi ndizo zinazonifanya niwasisitize mje mapema. Anayefika amefunguka wote hana saa 48.

Mlango kulegea wiki ya 20 ni habari nyingine, mapafu hayajafikia hatua ya kusaidiwa na sindano. Ndiyo maana huko tunapigania mlango wenyewe.

#16 Baba Mtarajiwa

Mkunga, dokta, asanteni. Nimemsomea mke wangu yote, ameanza kuandika tarehe za zile mimba mbili kwenye daftari. Ameuliza swali moja tu: akishonwa, baada ya hapo anaishije, na unatolewa lini?

#17 Mkunga wa Zamu

Mwambie nimefurahi kusikia habari za daftari.

Siku mbili tatu za kwanza anaweza kuwa na matone ya damu na tumbo kuvuta kidogo, yanaisha. Ute unaweza kuongezeka, ni kwa sababu ya uzi, ila usinuke. Kazi nyepesi na kutembea anaruhusiwa. Kukutana kimwili mtaulizia kwa daktari wenu, wengi wanashauri kusubiri baada ya kushonwa, kisha wanaangalia hali. Kliniki asikose hata moja.

Mshono unatolewa wiki ya 36 hadi 37, mara nyingi bila ganzi, kazi ya dakika chache. Kutolewa hakumaanishi atajifungua palepale, wengi wanakaa siku au wiki wakisubiri uchungu wao wa kawaida. Kama mtoto atatolewa kwa upasuaji uliopangwa, mshono unaweza kutolewa siku hiyohiyo.

Ila akiwa na mshono na uchungu ukaanza kabla ya hapo, maji yakatoka, akapata homa au damu, aende saa hiyohiyo na neno la kwanza mlangoni liwe "nimeshonwa mlango wa kizazi, wiki fulani". Asingoje aulizwe. Uchungu ukishashika kweli uzi lazima ukatwe, na anayempokea hawezi kujua upo kwa kumtazama usoni. Karatasi ya siku aliyoshonwa ikae ndani ya kadi ya kliniki, na wewe baba uwe na picha yake kwenye simu.